Elektroni mbili tu, na hesabu inagoma

Watu wakisikia nafanya fizikia ya nadharia ya atomu na molekyuli wananiuliza maabara yangu iko wapi hapa Kampala. Sina. Nina ubao, chaki na laptop, na umeme ukiwepo usiku kucha kompyuta inakesha inapiga hesabu.

Na wanafunzi wa mwaka wa tatu huwa tunaanza na haidrojeni, elektroni moja tu, mwanafizikia Schrödinger aliipatia jibu kamili mwaka 1926, kuing'oa hiyo elektroni kunataka elektronivolti 13.6 (elektronivolti ni kipimo cha nishati, namba zote za nishati hapa chini ni hizo) na vipimo vinasema hivyohivyo, darasa zima linafurahi. Sasa ongeza elektroni moja upate heliamu. Basi, jibu kamili la kuandika kwenye karatasi hakuna tena! Elektroni zenyewe zinasukumana, huwezi kuishughulikia moja ukaisahau nyingine.

Nawaambia haya, tuchukulie hazisukumani. Kiini cha heliamu kina chaji 2, kwa hiyo kila moja inataka 13.6 mara nne, yaani 54.4; kuzing'oa zote mbili inatoka 54.4 mara mbili, yaani 108.8. Vipimo vinasema 79.0. Tumepotea kwa karibu 30, na hapo nawaacha waikodolee macho hiyo namba, maana fizikia yenyewe inaanzia hapo. Halafu tunasema sawa, kila elektroni inaizibia nyingine kiini kidogo, kwa hiyo badala ya chaji 2 tuweke chaji tusiyoijua, tutafute ile inayoshusha nishati chini kabisa. Inakuja 27/16, kama 1.69 hivi, na jibu linakuwa 77.5. Nishati ya atomu huandikwa kwa hasi, kwa hiyo -77.5 iko juu kidogo ya -79.0 ya kweli. Napenda sana hii njia kwa sababu haiwezi kukushusha chini ya nishati ya kweli, kila ukiipunguza unajua unasogea kunakotakiwa.

Mwaka 1929 Mnorwe Hylleraas akaingiza kwenye hesabu umbali kati ya elektroni na elektroni, akafika karibu kabisa na vipimo, na kompyuta hazikuwepo!

Utafiti wangu ni hayohayo ila kwenye molekyuli. Viini tunavisimamisha kwanza, protoni ni nzito mara 1836 kuliko elektroni kwa hiyo inaruhusiwa, tatizo ni elektroni zinavyokwepana. Utasema 77.5 na 79.0 si mbali, lakini kuvunja molekyuli ya haidrojeni kunataka 4.5 tu, kwa hiyo kosa la 1.5 ni theluthi nzima ya hicho kifungo, kemia yote inaharibika. Ndiyo maana ule umbali wa Hylleraas bado uko kwenye programu ninazoandika na wanafunzi wangu.