Indiana ya Cignetti 2024: maneno ya watu na ukweli wenyewe

Tunaongelea futiboli ya vyuo vya Marekani hapa, ile ya helmeti na mpira wa yai. Msimu wa kwanza wa kocha Curt Cignetti pale chuo kikuu cha Indiana umeongelewa sana, na mengi yanayorushwa hayako sawa.

Kwanza hili la "ulikuwa muujiza tu". Naelewa linatoka wapi, Bloomington, mji kilipo chuo, ni mji wa basketi, kwenye futiboli Indiana ndio walikuwa wameshapoteza mechi nyingi kuliko timu yoyote ya daraja la juu, 2023 wakashinda 3 wakafungwa 9 na kocha Tom Allen akafungashiwa virago. Halafu anakuja mzee wa miaka 62, 2024 anashinda mechi 10 za kwanza mfululizo, wakati klabu haijawahi hata kufikisha ushindi 10 kwa msimu mzima, mwisho wao ulikuwa 9, mwaka 1945 na 1967. Lakini si mngeangalia CV yake jamani! Alikuwa msaidizi wa kocha maarufu Nick Saban pale chuo cha Alabama toka 2007, akaacha ulaji huo 2011 akaenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha daraja la pili ambacho nacho kinaitwa Indiana, ila kiko Pennsylvania, na baba yake alishafundisha hapohapo. Akapita chuo cha Elon, akaenda chuo cha James Madison akashinda 52 akafungwa 9. Kote huko hajawahi kumaliza msimu amefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Alipofika Indiana aliwaambia waandishi kwamba yeye hushinda, wamgugo tu, watu wakaona ni majivuno ya mzee.

Kingine, eti "alihama na timu yake yote ya James Madison". Waliomfuata ni wachezaji 13, na kweli walikuwa wa maana, Aiden Fisher, D'Angelo Ponds, Mikail Kamara, Elijah Sarratt, ila kotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) Kurtis Rourke, Mkanada, alisajiliwa kutoka chuo cha Ohio (sio Ohio State, watu wanachanganya hapa kila siku), na kwenye safu ya kumlinda kotabeki kuna waliokuwepo toka enzi za Allen kama Mike Katic na Carter Smith. Yaani ulikuwa usajili wa kawaida wa siku hizi, mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuhama na kucheza mwaka huohuo, tofauti ni kwamba mzee alichukua watu wazima walioshacheza mechi nyingi, hakuchukua vitoto vyenye sifa za sekondari. Na huyo Rourke ilikuja kujulikana Januari 2025 kwamba alicheza msimu huo na ligamenti ya goti imechanika, sijui alikuwa anatembeaje.

"Walikutana na vibonde." Hapa wabishi wana nusu ya hoja. Kwenye mechi 12 za kawaida, timu iliyokuwa ndani ya orodha ya timu 25 bora za nchi siku wanakutana ni moja tu, Ohio State, na Indiana wakala 38-15. Mashabiki wao hujitetea kwamba waliwafunga Michigan 20-15 na Washington 31-17, timu zilizocheza fainali Januari 2024. Mimi utetezi huu hauniingii, Michigan ilishaondokewa na kocha Jim Harbaugh na kotabeki J.J. McCarthy, Washington ilishaondokewa na kocha na kotabeki pia, lilikuwa limebaki jina. Ila kibonde naye kuna namna ya kumfunga, Nebraska 56-7, Purdue 66-0, na Indiana ile ya zamani ndio ilikuwa inafungwa na hao hao.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni hili la "hawakustahili kuingia mtoano" wa kuwania ubingwa wa taifa, kwa sababu Notre Dame waliwafunga 27-17. Sikatai, mechi haikuwa karibu kama matokeo yanavyosema, ilikuwa 27-3 mpaka dakika za mwisho kabisa, na Jeremiyah Love wa Notre Dame alikimbia na mpira yadi 98 kama hakuna mtu uwanjani. Lakini angalia nani alicheza fainali ya ubingwa: Ohio State na Notre Dame. Timu mbili pekee zilizomfunga Indiana msimu mzima ndizo zilizogombea kombe. Ukimfukuza Indiana kwa kufungwa na hao, unabaki na nani?

Na wale waliosema "ni upepo, mwakani wanarudi kule kule", 2025 wakaja na kotabeki mpya Fernando Mendoza, akabeba Heisman (tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo), wakawafunga Ohio State 13-10 kwenye fainali ya Big Ten, ligi yao, wakamaliza bila kufungwa hata mechi moja na kombe wakachukua kwa kuwafunga Miami 27-21.