Lakini si nimesema kweli?

Jumamosi asubuhi alinipigia simu kijana mmoja, meneja wa kampeni, chai ikiwa bado mkononi. Mgombea wao amelalamikiwa kwenye kamati ya maadili kwa maneno ya udini. "Wakili, hakumtukana mtu. Kasema mwenzake ni Mkristo. Sasa si ni Mkristo kweli? Na uhuru wa maoni upo kwenye Katiba."

Swali hilo nimelisikia kwa lafudhi zote za nchi hii, bara na pwani, dini ikigeuzwa kila upande. Mwezi huu ni mara ya tatu. Nalijibu hapa kwa kirefu, atakayeuliza tena nitamtumia andiko hili.

Ukweli ni kinga kwenye kashfa. Ukisema fulani mwizi, akakushitaki, ukaleta hukumu aliyotiwa hatiani, yameisha. Watu wameichukua kanuni hiyo wakaibandika kwenye uchaguzi, na wala haikai. Chukua Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, iliyoendesha chaguzi zetu Tanzania mpaka ilipofutwa 2024. Kifungu cha 108 kiliipa Mahakama Kuu uwezo wa kutengua ushindi ikithibitika kwamba wakati wa kampeni mgombea mwenyewe, au mtu mwingine kwa niaba yake naye akijua na kuridhia, alitoa kauli kwa nia ya kunufaika na tofauti za kabila, rangi au dini. Hata tofauti ya jinsia ilimo, pale wagombea wanapokuwa mwanamke na mwanamume. Sasa utafute humo neno "uongo". Halipo. Neno "tusi" nalo halipo. Kinachotafutwa ni nia.

Katiba naipitia haraka. Ibara ya 18 inakupa uhuru wa maoni, ya 19 uhuru wa dini, na ya 30 inasema haki yako usiitumie kuvuruga haki za wenzako au maslahi ya umma. Ibara ya 20 inazuia kusajiliwa kwa chama kinachopigania maslahi ya dini moja. Ibara ya 39 inataja sifa za mtu anayetaka urais: uraia wa kuzaliwa, miaka 40, chama na kadhalika. Dini haimo. Wanaosema "sasa ni zamu yetu" wanadai zamu ambayo haikuandikwa popote.

Sasa nije kwenye linalonikera hasa, yaani imani kwamba udini ni matusi. Tangu nianze kazi hii sijakutana na mgombea mwenye akili zake aliyesimama jukwaani akatukana dini ya watu. Udini wa kampeni huja kwa sifa, tena kwa sauti ya upole.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwakilisha mlalamikaji katika shauri la uchaguzi. Jimbo silitaji. Ushahidi wetu mkubwa ulikuwa rekodi ya simu, upepo ukivuma ndani yake. Uwanja wa shule ya msingi, Alhamisi jioni, mgombea yuko juu ya pikapu. Anasema: "Ndugu zangu, mimi mnanijua. Kesho saa saba mchana mtanikuta wapi?" Watu wanaitikia: "Msikitini!" Anauliza tena, taratibu: "Na mwenzangu je, kesho saa saba mtamkuta wapi?" Kicheko uwanja mzima. Ananyamaza, unasikia kabisa anafungua chupa ya maji, kisha anaendelea na habari za barabara ya vumbi.

Hakuna uongo hapo. Hakuna jina wala tusi. Na kila aliyekuwa pale aliondoka na ujumbe mmoja: yule si mwenzetu.

Wakili wa upande wa pili alimbana shahidi wetu, mzee mmoja muuza samaki. Aliitaja dini ya mlalamikaji? Hapana. Alimtukana? Hapana. Sasa wewe ulijuaje kwamba anamsema yeye? Mzee akamtazama, akasema: "Wagombea walikuwa wawili, mheshimiwa."

Tulishindwa. Jaji aliona kauli ile inabeba maana mbili, na kwa kuwa mashauri ya uchaguzi kwetu huthibitishwa bila kuacha shaka, maana ya pili ilimtosha mjibu maombi, yaani yule mgombea wa kwenye pikapu. Nimeirudia ile hukumu mara nyingi, na mpaka leo sina hakika kama jaji alikosea. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua, ndivyo tulivyolelewa, na lugha yetu ni ya mafumbo kuanzia kwenye kanga. Lakini nikimpa jaji ruhusa ya kuwagangulia wagombea mafumbo yao na kuwavua ubunge kwa maana aliyoipata yeye, nimempa rungu kubwa mno. Kesho atamgangulia mtu asiyekuwa na nia yoyote.

Na msidhani ni ya upande mmoja. Nimekaa kwenye harambee ya kanisa, mgombea akapewa kipaza sauti, akaomba "Mungu atupe kiongozi anayemjua Kristo," na mpinzani wake anaitwa Juma. Sala ni sala, na simzuii mtu kusali. Lakini ile ilielekezwa kwenye sanduku la kura, na mwombaji alilijua hilo.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili, kwamba ukitaja dini tu umevunja sheria. Hapana! Mwaka 2010 Kenya walipigia kura katiba mpya iliyokuwa na mahakama za kadhi. Makanisa mengi yalisimama hadharani kuipinga, mahakama hizo zikiwa miongoni mwa sababu, na katiba ikapita kwa takriban asilimia 67. Kupinga mahakama ya kadhi ni hoja ya kisiasa, kama ilivyo kuitetea. Kwetu Ilani ya CCM ya 2005 iligusa suala hilohilo, na mtu alikuwa na haki yote ya kuuliza gharama zake na nani angezisimamia. Unapotoka kwenye mahakama ukaingia kwa "hawa watu", umehama kwenye hoja. Mpaka wenyewe ni mwembamba, na mara nyingine mtu anauvuka katikati ya sentensi.

Kuna kesi ya Uingereza ninayoipenda kwa sababu inaonyesha sheria ikienda njia nyingine. Phil Woolas wa chama cha Labour alishinda jimbo la Oldham East and Saddleworth mwaka 2010 kwa kura 103. Vipeperushi vyake vilidai mpinzani wake, Elwyn Watkins, anawabembeleza Waislamu wenye msimamo mkali. Mahakamani zikatoka barua pepe za timu yake zilizozungumzia kuwatia hasira wapiga kura weupe, katika mji ambao ulishaungua kwa ghasia za rangi mwaka 2001. Ushindi ukatenguliwa, naye akafungiwa ubunge kwa miaka 3. Lakini kwa kosa gani? Kwa kusema uongo kuhusu mwenendo wa Watkins. Ile hofu dhidi ya Waislamu wa Oldham, kisheria, haikuwa kosa lililomwangusha. Angeipandikiza bila kumzulia Watkins jambo, angebaki bungeni. Kifungu chetu cha 108, kwa maandishi, kiliona mbali zaidi.

Colin Powell, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliligusa hili vizuri Oktoba 2008, uvumi ulipozagaa huko kwamba Obama, aliyekuwa akigombea urais, ni Muislamu. Alisema Obama ni Mkristo, kisha akauliza: na kama angekuwa Muislamu, kuna ubaya gani? Wengi waliishia kwenye sehemu ya kwanza.

Sitaki kudai kwamba kifungu chetu kilitosha. Kilimgusa mshindi peke yake. Aliyewasha moto akashindwa, hana ushindi wa kutenguliwa. Maneno ya pembeni, ya barazani na ya kwenye makundi ya WhatsApp, nani atathibitisha kwamba mgombea aliyajua na kuyaridhia? Kubwa kuliko yote ni urais, ambako maneno ya dini huwa makali zaidi. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua mwaka 2020, katika shauri la Jebra Kambole, kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Hebu fikiria: diwani na mbunge wanaulizwa, Rais haulizwi.

Na ile hesabu ya "sisi ndio wengi" inayotolewa majukwaani kwa kujiamini, naomba mniambie imetoka wapi. Sensa ya mwisho kuuliza dini Tanzania ilikuwa ya 1967.

Yule kijana nimemwambia kesi yake siikatai wala siikubali kwa kipande cha sekunde kumi na moja alichonitumia. Alete rekodi nzima ya mkutano. Nataka kusikia mgombea wake alikuwa anazungumzia nini kabla hajafika kwenye neno "Mkristo", na makofi yalipigwa wapi.