Dakika Sita za Bombani: Kujaza Tanki la Maji la Gari la Kambi

Simu iliingia saa moja asubuhi, na nikajua kuna balaa kwa sababu dereva aliruka salamu. Kijana niliyemzidi miaka ishirini, mtu wa shikamoo tatu kwa siku, anaanza moja kwa moja: "Fundi, chai inanuka dizeli."

Gari lilikuwa Land Cruiser niliyoifunga mwenyewe hapa Arusha: hema juu, jiko la gesi nyuma, tanki la maji la lita 60 chini ya kitanda, na mdomo wa kujazia ubavuni. Huo mdomo wa ubavuni ndio uliokuwa kosa. Land Cruiser nyingi za safari zina matanki mawili ya mafuta, kwa hiyo mhudumu wa sheli akiona kifuniko kingine hashangai. Aliambiwa "jaza zote," naye akajaza zote. Lita kama nne ziliingia kabla dereva hajapiga kelele. Wakamwaga, wakasuuza kwa sabuni mara tatu, wakajaza maji upya, wakaingia porini na wageni.

Dizeli haioshwi kwenye tanki la plastiki. Plastiki ile inayanywa mafuta, kisha inayatema kidogo kidogo ndani ya maji kwa muda mrefu. Nilibadilisha tanki, mipira yote na pampu, kwa hela yangu, maana aliyeuweka mdomo pale ni mimi. Tangu siku hiyo mdomo wa maji nauweka nyuma, ndani ya mlango, mahali ambapo mhudumu wa sheli hafiki bila kuomba ruhusa. Kifuniko nakipaka rangi ya buluu na kuandika MAJI kwa herufi kubwa.

Naanza na kisa hicho kwa sababu magari yanayorudi kwangu na malalamiko ya maji, mengi hayana ubovu wowote. Maji yana harufu, pampu inanguruma bila kutoa kitu, tanki "limejaa" halafu jioni limekauka. Ukifuatilia, unakuta jambo lilianzia bombani, kwenye zile dakika chache ambazo kila mtu anaharakisha ili safari iendelee.

Kabla ya kufungua koki, uliza maji yanatoka wapi. Sheli au kambi itakupa mojawapo ya majibu matatu: bomba la mamlaka, kisima kirefu, au boza. La boza hawalisemi kwa hiari, inabidi uchungulie. Yote matatu huishia kwenye simtanki ileile juu ya mnara, na ukiiona simtanki haina mfuniko, jibu la swali lako halina tena maana. Maji ya boza nayachukulia kama ya mtoni hadi niyatie dawa. Ya kisima huwa nayaonja kwanza: yakiwa na chumvi yatafaa kuogea, lakini birika litafanya ukoko mweupe na kahawa haitanyweka.

Huku kwetu kuna jambo la ziada ambalo wageni hawalijui, nalo ni floraidi. Maji mengi yanayopita kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru yanayo kwa wingi, na ndiyo sababu ya yale meno ya kahawia unayoyaona kwa wenyeji, mimi nikiwemo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Klorini haiiondoi. Kuchemsha ndiyo kabisa: mvuke unaondoka, floraidi inabaki, kwa hiyo sana sana umeikoleza. Kinachoipunguza ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe au mtambo wa osimosisi ya kinyume, unaosukuma maji kupita utando mwembamba sana, na hakuna kati ya hivyo kinachokaa chini ya sinki ya kila gari. Mgeni wa siku kumi asikose usingizi, madhara yake huja kwa miaka, hasa kwa mtoto ambaye meno yake bado yanaumbika. Ila familia inayozunguka Afrika na watoto wadogo huwa naishauri ibebe maji ya kunywa pembeni, kwenye madumu, tanki libaki la vyombo na kuoga.

Sasa mpira. Mpira wa sheli usiuguse. Ndio uliooshea lori la ng'ombe jana, na ncha yake imelala kwenye tope la sabuni. Beba wako, mita 10 zinatosha, uwe wa maji ya kunywa. Ule wa kijani wa bustani unaacha ladha ya plastiki ambayo hata chai ya tangawizi haiifichi. Ukimaliza, mwaga maji yote na uunganishe ncha zake mbili ziwe duara, wadudu wasipate pa kuingia. Na kabla ya kuuingiza kwenye tanki, acha maji yatiririke chini nusu dakika. Maji yaliyolala kwenye bomba la juani yameshachemka na kupoa mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Watu wengi wanafikiria maji yanayoingia na kusahau hewa inayotoka. Tanki lolote lililofungwa vizuri lina kijimpira cha hewa, chembamba, kinachoishia chini ya gari au karibu na mdomo. Kikiziba, maji yanakutemea usoni na unadhani limejaa. Mwaka jana alikuja mteja analalamika kwamba nimemuuzia tanki la lita 60 linalopokea 15. Nilichomoa kile kijimpira, nikakipuliza, hakipiti. Ndani ya ncha kulikuwa na kidonge cha udongo mkavu, ukubwa wa ncha ya kidole kidogo, laini kama kimefinyangwa na mfinyanzi. Nilipokipasua kwa bisibisi, wakadondoka buibui wadogo wanane, wamekunjwa miguu, wamepangwa kama dagaa. Ni kazi ya nyigu wa udongo: hutafuta tundu, huweka yai, hulijazia buibui wa kumlisha mtoto, kisha hukandika mlango. Gari lilikuwa limeegeshwa wiki tatu tu. Siku hizi kila ncha ya hewa naifunga wavu mwembamba wa chuma.

Tundu hilo lina hatari ya upande wa pili pia. Ukifanikiwa kulijaza tanki huku hewa imeziba, pampu ikianza kuvuta haina cha kuingia badala ya maji, na kuta za tanki zinabonyea ndani hadi maungio yanavuja. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: mwenzako akifungua maji, weka kiganja kwenye ncha ya hewa. Usiposikia upepo, simamisheni.

Kuhusu kujua limejaa, usiamini zile taa nne za ukutani. Gari likiinama kidogo upande mmoja, robo inasoma robo tatu. Mimi natumia ndoo. Ijaze ndoo ya lita 10 kwa koki ileile na utazame saa. Ikichukua dakika moja, tanki tupu la lita 60 litachukua dakika sita. Likianza kutapika dakika ya pili, kuna jambo. Likifika dakika ya tisa bado linameza, angalia chini ya gari, huenda kuna mtu amesahau kufunga koki ya kumwagia. Kama hakuna bomba na unatumia madumu, hesabu ni rahisi zaidi, ila tumia faneli yenye chujio na usimwage kwa pupa, hewa nayo inahitaji nafasi ya kutoka.

Dawa. Kwa maji ya kutumia kila siku, vidonge vya klorini vya madukani vinatosha. Vingi ni kimoja kwa lita 20, lakini soma pakiti, kisha subiri nusu saa. Maji yakiwa na tope, yatulize na kuyachuja kwanza, kwa sababu klorini inamalizikia kwenye uchafu kabla ya kufikia vijidudu. Hapa ndipo wenye vifaa vya gharama wanapojikwaa: wanafunga chujio la mkaa kwenye mpira wa kujazia. Mkaa unaondoa klorini! Maji yanaingia yakiwa matamu, kisha yanakaa siku tano kwenye joto bila ulinzi wowote. Chujio la kuzuia mchanga na takataka liwe kwenye mpira wa kujazia, la mkaa liwe kwenye bomba la kunywea.

Kuosha tanki lenyewe ni kazi nyingine, naifanya kabla ya kila msimu na kila gari linapokaa zaidi ya wiki mbili. Chukua dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato, ile ya asilimia 3.5. Kwa lita 60 za maji, mililita 85 hivi zinakupa kama miligramu 50 za klorini kwa lita. Ichanganye kwanza kwenye ndoo, usiimwage tankini bila kuizimua. Jaza, fungua kila bomba la gari hadi unuse klorini, funga, acha kwa muda wa saa nne. Kisha mwaga na usuuze hadi harufu iishe. Usichanganye na siki wala tindikali yoyote, gesi inayotoka inaua. Siki ya kuondoa ukoko itumie siku nyingine, baada ya kusuuza kabisa.

Uzito: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo umepakia mtu mzima mmoja. Ndiyo maana tanki nalilaza chini, mbele ya ekseli ya nyuma, na si juu ya paa hata mteja aking'ang'ania. Tanki nusu linasumbua kuliko lililojaa, maana maji yanapigapiga kwenye kona, na kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati kuelekea Seronera, katikati ya Serengeti, maungio yanalegea. Kaza klipu za mipira kila unapojaza, bisibisi moja tu inatosha.

Baada ya kujaza, pampu itanguruma na kutema hewa. Fungua bomba la mbali zaidi, acha hadi maji yatoke bila kukohoa, kisha funga. Pampu ikiendelea kulia wakati mabomba yote yamefungwa, kuna tone linalovuja mahali. Litafute mchana, usiku utalala juu ya godoro bichi.

Swali ninaloulizwa zaidi ni wapi pa kujaza. Kwa mzunguko wa kaskazini nawaambia Karatu, kwa sababu ndio mji wa mwisho kabla ya lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na hapo bado unaweza kuchagua maji. Watu wawili wenye nidhamu hutumia lita 10 hadi 15 kwa siku, ila pampu ninazofunga hutoa lita 7 hadi 11 kwa dakika, kwa hiyo anayeoga huku akiimba atawamaliza wenzake. Mteja mmoja alinipuuza, akasema atajaza kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta. Alifika jioni na ndoo mkononi, akakuta tembo dume amesimama kwenye tanki la kambi, mkonga ndani, anakunywa bila haraka. Wapishi walikuwa wameketi kando na masufuria yao, wanasubiri zamu. Alikaa nao karibu saa nzima.