Mwezi Unaochomoza Si Mkubwa Kuliko Ulio Utosini

Watu wengi huamini kwamba mwezi mpevu unapochomoza huwa karibu zaidi na dunia, au kwamba hewa nzito ya chini huukuza kama lenzi. Imani hii inaeleweka: juu ya miti mwezi unaonekana mkubwa ajabu, na saa chache baadaye, ukiwa juu kabisa, umekuwa mdogo.

Upana wake angani, hata hivyo, ni takriban nusu digrii usiku kucha. Tena unapochomoza uko mbali nawe zaidi kidogo: hadi ufike utosini, dunia kwa kujizungusha huwa imekusogeza kuuelekea kwa kilomita 6,000 hivi, kati ya umbali wa wastani wa 384,000. Hewa huupa rangi ya chungwa na kuubonyeza kidogo kutoka juu na chini, lakini haiukuzi. Ukubwa ule hutokana na jinsi ubongo unavyosoma anga, na kwangu hilo ndilo linalostaajabisha zaidi. Wanasayansi bado wanajadiliana kwa nini ubongo hufanya hivyo.

Jipimie mwenyewe. Nyoosha mkono ukiwa umeshika penseli, funga jicho moja, ulinganishe unene wake na mwezi unapochomoza. Rudia mwezi ukiwa juu. Au piga picha mbili kwa simu bila kubadilisha ukuzaji, kisha pima.

Kuna miezi mipevu iliyo karibu zaidi kuliko mingine, kwa kuwa njia ya mwezi si duara kamili. Lakini hiyo ni tofauti ya mwezi huu na ule, si ya jioni na usiku wa manane.