Plastiki ya kuoza: inaozea wapi?

Plastiki ya kuoza ni ile inayoliwa na bakteria na kuvu mpaka ibaki maji, hewa ukaa na mboji kidogo. Maana ndiyo hiyo. Cha kusema zaidi ni kitenzi chenyewe, maana kuanzia masoko ya Mtwara hadi maduka ya Lindi mjini, kila mfuko unaochakaa upesi siku hizi unaitwa wa kuoza.

Oza na bovu ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kibantu. Muhogo ukioza, kuna kiumbe hai kilichoula. Mfuko wa poliethilini, plastiki ya kawaida ya mifuko, uliotiwa chumvi za metali za kobalti au manganizi ili uchakae upesi, hauliwi na yeyote: jua linaukatakata, na vipande vinabaki mchangani vikiwa plastiki ileile, ila sasa haviokoteki. Huko ni kumeguka. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa za aina hiyo kuanzia Julai 2021.

Wala kutoka shambani si kuoza. Ipo poliethilini ya miwa, na haiozi kamwe.

Gilasi nyingi angavu za vinywaji baridi zinazosifiwa kuwa za kuoza ni za polilaktiki: wanga hugeuzwa sukari, sukari huchachushwa kuwa asidi ya laktiki, asidi ikaunganishwa kuwa plastiki. Huoza kweli, lakini kwenye mtambo wa mboji wenye unyevu na joto la karibu nyuzi 58. Maji ya ghuba ya Mikindani hayafiki joto hilo, kwa hiyo gilasi iliyotupwa humo hukaa miaka. Tena ukiimiminia chai ya moto inapinda, kwani hulainika kwenye nyuzi 60 hivi.

Plastiki ya wanga wa muhogo ndiyo huoza hata kwenye udongo wa kawaida. Gramu 100 za wanga, takriban gramu 30 za gliserini na maji, korogea motoni mpaka uji ung'ae, tandaza, kausha. Gliserini ikipungua, utando unapasuka. Ikizidi, unanata kwa unyevu wa pwani. Ukiwa mkavu unazuia mafuta na oksijeni vizuri, lakini hunywa unyevu, na korosho za kukaanga zilizofungwa humo hulegea.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia mfuko unaoza, mwombe aongeze herufi moja: unaozea wapi, kwa joto gani, kwa muda gani? Asipokuwa na jibu, aseme tu unameguka.