2^127 − 1: kuthibitisha utasa bila kutafuta vigawo

170141183460469231731687303715884105727. Tarakimu 39. Ukiiandika kwa mfumo wa jozi, wenye 0 na 1 pekee, unapata 1 zikiwa 127 mfululizo, bila 0 hata moja. Hii ni 2^127 − 1, na kati ya namba tasa zote naipenda hii kuliko nyingine.

Njia tuliyofundishwa shuleni ni kuigawa namba kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha hii ni takriban 1.3 × 10^19. Kwa kazi ya mwanahisabati Fermat tunajua kwamba kigawo tasa chake chochote lazima kiwe na umbo 254k + 1, k ikiwa namba kamili. Mzigo unapungua sana, lakini k bado inafika takriban 5 × 10^16. Kwa kalamu na karatasi, haiwezekani.

Mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas hakupita huko. Mwaka 1876 alithibitisha kwamba namba hii ni tasa, nayo ikabaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi 1951. Kipimo chake, katika umbo alilolinyoosha mwanahisabati Mmarekani Lehmer baadaye, ni hiki: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha chukua baki baada ya kugawa kwa namba unayoipima. Rudia. Kwa 2^p − 1, p ikiwa namba tasa isiyo 2, rudia mara p − 2. Baki ya mwisho ikiwa 0, namba ni tasa. Baki hiyo ikiwa si 0, namba si tasa.

Jaribu 31, yaani 2^5 − 1. Hatua ni tatu: 4 inazaa 14, 14 inazaa 194, ambayo baki yake ni 8, 8 inazaa 62, baki 0. Tasa. Kwa 2^127 − 1 hatua ni 125 tu. Hata kugawa kwenyewe ni kwepesi: 2^127 huacha baki 1, kwa hiyo unakata tarakimu za jozi zilizozidi 127 na kuzijumlisha na zilizobaki.

Kinachonistaajabisha zaidi ni upande wa pili wa kipimo. Mtawa Mfaransa Mersenne alidai mwaka 1644 kwamba 2^67 − 1 nayo ni tasa. Lucas alionyesha kuwa sivyo, bila kutaja kigawo hata kimoja! Vigawo vilikuja na mwanahisabati Mmarekani Cole mwaka 1903: 193707721 × 761838257287.

Sasa tazama mnyororo huu: 2, 3, 7, 127, 2^127 − 1. Ukiifanya kila namba kuwa kipeo cha 2 kisha ukatoa 1, unapata inayofuata, na zote tano ni tasa. Je, ya sita? Ina tarakimu zaidi ya 5 × 10^37, haiandikiki, na kipimo cha Lucas hakina pa kuishika. Kilichobaki ni kuwinda vigawo vyenye umbo 2k(2^127 − 1) + 1, kimoja baada ya kingine. Kikipatikana kimoja tu, mnyororo umekatika. Kisipopatikana, hatujathibitisha chochote.