Kiyoyozi cha umeme kwenye Kombi ya zamani: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Anayelala ndani ya Volkswagen Kombi ya miaka ya sabini, pwani, wakati wa kaskazi, hana haja ya kushawishiwa kuhusu kiyoyozi. Bati ni tupu, vioo viko kila upande, na usiku godoro linalowa jasho. Zamani dawa ilikuwa kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi, inayozungushwa na mkanda wa injini. Siku hizi zipo kompresa za umeme za volti 12, 24 na 48 ambazo hufanya kazi hata injini ikiwa imezimwa, na kwa gari hizi ni neema kubwa. Kinachoniuma ni pesa za watu zinazopotea kwa sababu ya maneno ambayo hakuna aliyeyapima.

"Kile kiboksi cha kuchomeka kwenye laita ya sigara kinatosha"

Hakitoshi. Soketi ya laita huwa na fyuzi ya amperi 10 au 15, kwa hiyo kwa volti 12 haiwezi kutoa zaidi ya wati 180. Vingi vya viboksi hivyo ni feni inayopuliza hewa kupitia sponji lililoloweshwa maji. Kwenye hewa kavu, kama ya jangwa la Arizona, maji hukauka upesi na hewa hupoa kweli. Tanga au Mombasa hewa tayari imejaa unyevu, hivyo sponji halikauki na wewe unaongezewa mvuke tu. Kiyoyozi halisi kina pande mbili: moja ndani inayopokea joto, na nyingine, yaani kondensa, inayolitupa nje. Kifaa kisichotupa joto nje ya gari hakiwezi kulipoza gari.

"Cha umeme hakiielemei injini hata kidogo"

Hapa kuna ukweli nusu. Injini ya cc 1600 ina nguvu za farasi zipatazo 50, na kompresa ya mkanda hula kadhaa kati ya hizo pale pale gari linapopanda mlima. Cha umeme hula nguvu chache kuliko hizo, na kwa kuwa kinatumia akiba ya betri, unaweza kuchagua lini injini iirudishe. Lakini umeme wa kuijaza betri ile bado unatoka kwenye altaneta, mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, na altaneta za Kombi nyingi za miaka ya sabini hutoa amperi 55 hivi injini ikiwa kasi. Ikiwa silensa, yaani inanguruma polepole gari likiwa limesimama, ni chini sana ya hapo. Toa taa, waipa na mfumo wa kuwasha moto, uone kinachobaki.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi waliozoea magari yanayopozwa kwa maji hulisahau: injini hii hupozwa kwa hewa, na kwenye ile ya 1600 yenye feni iliyo juu yake, feni inayoipoza injini imefungwa kwenye shafti ileile ya jenereta au altaneta. Bearingi ikiharibika au mkanda ukikatika, injini nzima inakosa upepo. Betri ya lithiamu iliyoisha hunyonya kila amperi inayopata, na altaneta ndogo ikiachwa hivyo saa nzima hupata joto la kuiunguza. Dawa yake ni chaja ya umeme wa moja kwa moja, inayokaa kati ya altaneta na betri hiyo, iliyowekewa kikomo cha amperi 20 au 30. Kwa Kombi za kabla ya 1967, ambazo nyingi zilitoka kiwandani na volti 6, anza kwanza kwa kubadilisha mfumo wote kuwa volti 12.

Na usilale huku injini ikinguruma ili kiyoyozi kiendelee. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini.

"Betri moja na sola juu ya paa, unalala baridi mpaka asubuhi"

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kiyoyozi cha volti 12 kinachovuta amperi 50 kinatumia wati 600. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ya amperi-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Hiyo ni saa moja, na kwa kuwa mzigo mzito huipunguzia betri ya aina hiyo uwezo wake, huenda hata saa haifiki. Betri ya lithiamu ya amperi-saa 200 ina wati-saa 2,560 hivi na karibu zote zinatumika: saa nne kompresa ikiwa haipumziki. Kompresa ikiweza kupunguza mwendo gari likishapoa, wastani ukashuka hadi wati 300, usiku mmoja unawezekana.

Paneli ya sola ya wati 200, kwa jua zuri la saa tano, hukupa wati-saa 700 au 800 baada ya upotevu. Ni umeme wa saa moja na kidogo. Tena ili uupate, gari lazima lisimame juani, na bati likilala juani mchana kutwa jioni unapambana na joto ulilolikaribisha mwenyewe.

Ndiyo maana mimi humwambia kila anayeniuliza: kabla ya kompresa, shughulikia paa. Paa la Kombi lina eneo la mita za mraba saba hivi, na jua la utosini humwaga karibu wati 1,000 kwa kila mita. Rangi nyeupe hulirudisha sehemu kubwa. Kizuia-joto chini ya bati, pazia la kung'aa lililowekwa nje ya kioo badala ya ndani, na kivuli cha mwembe hupunguza kazi ya kiyoyozi kwa gharama ndogo kuliko betri ya pili. Mwenye Samba, ile Kombi ya zamani yenye vioo 23, asiliruke hili.

"Kompresa ni mbovu, inajizima yenyewe"

Kabla ya kuilaumu, chukua mita. Kombi ina injini nyuma, na mara nyingi waya unazunguka mita tano kwenda na tano kurudi. Ukitumia waya wa milimita za mraba 6 kwa amperi 60, unapoteza volti 1.7 njiani na zaidi ya wati 100 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe. Pima kwenye betri, usome 12.2. Pima kwenye kompresa ikiwa inafanya kazi, usome 10.5. Ubongo wake unaona betri imekwisha, unazima. Weka waya wa milimita za mraba 25, na upotevu unashuka hadi volti 0.4. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Kwa mzigo uleule, mfumo wa volti 48 huvuta robo tu ya amperi za ule wa volti 12, na kwa anayeanza upya ndio ningeuchagua.

"BTU nyingi ndiyo ubaridi mwingi"

BTU ni kipimo cha uwezo wa kiyoyozi kupoza, na chumba cha Kombi ni kidogo. Kiyoyozi kikubwa mno, kama hakina mwendo wa kubadilika, hupoza haraka na kuzima kabla hakijakausha hewa, nawe unabaki na ubaridi wenye unyevu.

"Gesi inaisha, lazima iongezwe kila mwaka"

Gesi haitumiki kama petroli. Ikipungua inavuja, na fundi akiongeza bila kutafuta tundu amekuuzia wiki chache. Kwa mfumo uliokuwa na R12 ya zamani, usijaze gesi nyingine juu yake: mafuta na mipira havikutengenezwa kwa ajili hiyo.

"Utaiharibu Kombi, itapoteza asili yake"

Ukitoboa paa, ndiyo. Na paa la kunyanyuka la kambi halikuundwa kubeba kilo 30 za kiyoyozi cha juu. Lakini kompresa na kondensa hukaa chini ya sakafu kwa mabano yanayofungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyopo, na upande wa ndani ukaingia kabatini. Weka ngao mbele ya kondensa, na isafishwe kwa maji ya polepole kila baada ya safari ya vumbi, kwa sababu mapezi yake, vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, yakiziba kompresa huvuta amperi zaidi huku ubaridi ukipungua.